Kilomita Nane Kabla ya Daraja la Kafu

Ninyi mnaokalia benchi la duka langu mmeniuliza mpaka mmechoka, na mimi nimewajibu "nilifika salama" kisha nikajifanya natafuta spoku. Sasa naandika, maana nimesikia mnavyosimuliana, na nusu yake mmejitungia. Sikuanguka. Sikubebwa na ambulensi. Na yule mama Mkongo mliyesikia habari zake si mke wangu mpya.

Kwa atakayesoma na hanijui: mimi ni Abdu Rehani, Mnubi wa Bombo, nauza spea za baiskeli hapa Old Kampala, chini kidogo ya msikiti mkubwa. Nina miaka sitini na minane. Rafiki yangu Onega ni Mualur wa Pakwach, alikuwa askari polisi hapa mjini. Tulijuana alipokuja kununua mnyororo, akalalamikia bei, akarudi kesho yake kulalamika tena. Hatukuwa na lugha ya kusemezana ila Kiswahili, yeye cha kambini, mimi cha nyumbani. Namwita Afande. Yeye ananiita Haji, ingawa Maka sijaiona.

Alipostaafu akarudi kwao, tukapatana jambo moja. Kila mwaka mvua za kwanza zikikatika, yeye anapanda baiskeli kutoka Pakwach, mimi kutoka Kampala, siku mbili kila mmoja, tunakutana daraja la Kafu. Anayefika kwanza anapiga kengele. Yeye analeta angara, wale samaki wadogo wa chumvi wa kwao, mimi naleta gurusa, mikate yetu myembamba ya Kinubi. Tunakula, tunalala pale, asubuhi kila mtu anageuza. Tumefanya hivyo miaka kumi na mmoja.

Huu wa kumi na mbili ndio uliokuwa na kasoro. Mnakumbuka nilivyopotea dukani. Nilikuwa nalala kwa mito mitatu, miguu imevimba mpaka hata ndara zikawa hazivaliki, na alfajiri moja binti yangu Zena alinikuta nimekaa kitandani natafuta hewa kama nimetolewa majini. Nililazwa hospitali ya Mulago siku tisa. Daktari, msichana mpole tu, akanieleza: "Mzee, moyo wako umetanuka. Unasukuma damu kwa uvivu, maji yanarudi nyuma mpaka mapafuni." Akanipa vidonge, na kimoja akakisisitiza, kile cha kutoa maji, kila asubuhi bila kukosa. Chumvi akaipiga marufuku. Nikauliza habari ya baiskeli.

"Tambarare tu," akasema. "Polepole, na uwe unaongea. Ukiweza kusema sentensi nzima, endelea. Ukikatika katikati, shuka."

Tambarare, Kampala hii ya vilima. Nilimshukuru, maana alisema kwa moyo mwema.

Basi Onega akapiga simu. "Haji, uko tayari?" Nikamjibu, "Niko tayari, Afande, kuliko mwaka jana." Ulimi wenyewe ulitoka mbio. Nilitaka kitu kimoja tu: anione nikija juu ya baiskeli, vile alivyozoea kuniona. Sikutaka anihurumie. Nikapanga kupanda basi, nishuke karibu na Kafu, nimalizie kwa kukanyaga, naye asijue.

Old Kampala hadi Bombo

Zena alikubali kwa sharti kwamba baiskeli itakaa juu ya basi na nitaitoa tu kumwonyesha Onega. Alinipikia gurusa bila chembe ya chumvi, akazifunga kwenye kitambaa cha marehemu mama yake. Akanihesabia vidonge kwenye kikopo. Asichokijua Zena ni kwamba kidonge cha maji sikukinywa asubuhi ile, wala asubuhi ya jana yake.

Nawaeleza ninyi wazee wenzangu, mnielewe. Ukimeza kile kidonge, kwa saa tatu huna kazi nyingine ila kukojoa. Na basi la kaskazini halisimami kwa sababu ya mzee mmoja. Nilijionea aibu kabla haijanifika. Nikasema siku mbili si kitu, nitakinywa nikifika.

Kwenye kituo cha mabasi tulikaa tangu saa moja mpaka saa nne tukisubiri basi lijae. Kijana wa mizigo akaikamata baiskeli yangu kwa mkono mmoja, ile nyeusi ambayo mimi siku hizi naiinua kwa bismillah. "Mzee, wewe unashukia wapi?" Nikamwambia, kwa wauza mkaa, kabla ya Kafu. Akatoa chaki mfukoni, akaandika KAFU kwenye bomba la juu la fremu, herufi kubwa, akaipandisha juu na kuifunga kwa mpira. Wanaandika hivyo kwenye mizigo yote, mbuzi tu ndiye anayesalimika.

Tulipotoka mjini nikaegemea dirisha. Kawempe, Matugga, vilima vyote nilivyokuwa navipanda nimesimama kwenye pedali, basi lilivimeza. Kila kilima nilikijua. Nilijua pale ambapo unasikia mto wa jasho mgongoni, na pale ambapo upepo unakupokea ukianza kushuka. Kwenye kiti cha basi hakuna upepo, kuna mgongo wa mtu aliyekaa mbele yako. Bombo tulipita kwa dakika chache. Miaka yote nilikuwa nasimama kwa binamu yangu Fatuma kunywa chai, na watoto wanaishika baiskeli. Niliona baraza lake, nikamwona hata yeye anapepeta kitu. Sikuweza kumwita, basi lilikwisha pita. Niliumia zaidi ya nilivyotarajia.

Bombo hadi Luwero

Jirani yangu alikuwa mama Mkongo, mfanyabiashara wa vitenge, anarudi kwao Aru. Mnene, mcheshi, ana pochi iliyojaa vyakula. Hatukufika mbali akanipa karanga kwenye karatasi.

"Kula, baba."

Nikazitazama. Zilikuwa zinameremeta chumvi. "Asante, mama, sitaki."

Baadaye akazikunja, akazirudisha pochini taratibu, akageukia upande wa pili. Ndipo nikatambua amenielewa vipi. Mnajua matangazo ya kila siku, usipokee chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, watakulewesha wakuibie. Mama wa watu alidhani namwona mwizi.

"Mama, si hivyo," nikasema. "Nina ugonjwa wa moyo. Chumvi nimekatazwa."

Akageuka. "Kwa nini hukusema mapema? Mie nimeanza kukuchukia."

Nikacheka, na kwa kuwa nilikwisha anza, nikamweleza yote: Mulago, mito mitatu, maji ya mapafu, Onega, baiskeli iliyo juu ya vichwa vyetu. Hata nia yangu ya kushuka kabla ya daraja nikamwambia. Hapo Luwero tairi la nyuma la basi likaisha upepo, wauza mananasi wakazingira madirisha, watu wote wakashuka kunyoosha miguu na kujisaidia. Mimi nilibaki, maana kushuka na kupanda zile ngazi mbili kulinitisha. Soksi zilikuwa zimeanza kunibana.

Yule mama alirudi na nanasi lililokatwa, akanipa kipande bila kuuliza. "Hili halina chumvi," akasema. Kisha akaniuliza, "Mie nimekuona leo tu, umeniambia magonjwa yote. Yule rafiki yako wa miaka yote, mbona hajui?"

Nikala nanasi.

Luwero hadi kwa wauza mkaa

Baada ya tairi kubadilishwa, nchi ikafunguka. Pale ndipo nilipokuwa napapenda kuliko kote. Barabara imenyooka, miti mifupi, ng'ombe wenye pembe ndefu, na huna wa kukusumbua ila malori. Zamani nilikuwa nalala Luwero na kuianza sehemu hii alfajiri, na kwa saa nzima husikii kitu ila mnyororo wako mwenyewe. Mnyororo ukipakwa mafuta vizuri unasema polepole sana. Nilitamani kuusikia mpaka machozi yakanilenga, nikamwambia mama ni vumbi, naye akafunga dirisha.

Tulipofika Migyera wakaja wauza nyama choma na mishikaki mpaka puani mwetu. Nilimeza mate. Baada ya hapo nilisinzia, kondakta akanigusa bega: "Mzee, ulisema kwa wauza mkaa."

Magunia ya mkaa yalipangwa kando ya barabara, na kibao cha kilomita kinasema Kafu nane. Mama Mkongo alinishika mkono. "Mwambie," akasema. Basi likaondoka naye, nikabaki na baiskeli yangu, mkoba wa gurusa, chupa ya maji, na kikopo cha vidonge.

Kilomita nane

Kwanza nilifanya jambo la kipumbavu, na msinicheke. Nilichota vumbi nikajipaka suruali, nikalipaka tairi, nikaupaka mkoba. Nikamwagia shati maji mgongoni lionekane lina jasho. Mama mmoja muuza mkaa alinitazama muda wote amekunja mikono. "Mzee, umepotea?" akauliza. Nikamwambia hapana, najiandaa.

Nilipopanda, wallahi nilisahau kila kitu. Barabara pale inateremka kidogo kidogo kuelekea mtoni, na baiskeli ilinikumbuka. Upepo uliniingia kifuani, nikasikia mnyororo. Niliwaza, kumbe nipo. Kumbe mimi bado ni yule yule.

Nikakumbuka amri ya daktari, nikatafuta sentensi ya kujipimia. Nikaisema kwa sauti: "Mimi Abdu Rehani, muuza spea, naenda Kafu kumwona Onega." Ikatoka nzima. Kilomita mbili, nikairudia, ikatoka nzima. Ng'ombe walinigeukia. Kilomita ya tatu ilikuwa na kijimwinuko, si kilima, kitu ambacho zamani nisingekitambua.

"Mimi Abdu Rehani, muuza spea, naenda..."

Nikameza hewa. Nikajiambia nimekabwa na vumbi. Nikakanyaga tena.

"Mimi Abdu Rehani, muuza..."

Hapo ilinipasa kushuka. Sikushuka. Niliona mbali mstari wa kijani wa mafunjo ya mto, nikajua daraja liko kule, na Onega labda anatazama barabara. Nikasema nifike tu kwenye mti ule wa mbele. Kabla ya mti kifua kilijaa, ule ujazo ninaoujua, kama mtu ananimiminia maji taratibu kutoka ndani. Nikajaribu kusema jina langu. Likatoka "Mimi" peke yake.

Nilishuka, au baiskeli ilinishusha. Nikakaa kwenye jiwe. Gari zilipita, dereva mmoja akapiga honi akidhani nampungia mkono. Niliogopa. Nasema wazi: niliogopa kufa kando ya barabara, nimejipaka vumbi la uongo, na Zena aje kuhesabu vidonge akute viwili vimezidi. Nikafungua kikopo, nikameza kidonge kwa maji yaliyobaki kwenye chupa. Nikakaa wima nikivuta hewa kidogo kidogo. Sijui ni muda gani. Kivuli cha mti kilikuwa kimerefuka nilipoweza kusema jina langu na la baba yangu.

Kilomita zilizobaki nilitembea. Niliisukuma baiskeli, au niliiegemea, hatua ishirini kisha natulia, na mara nne niliingia majanini kukojoa, maana kidonge kilikuwa kimeamka.

Darajani

Kuna hoteli ya mabati upande wetu wa daraja, ya Mama Katusabe, ambaye ametuuzia chai miaka yote. Onega hakuwapo. Nilimshukuru Mungu, nikaona nitapata kupumua kabla hajaja. Nikashika kengele nikaipiga mara tatu, kama desturi.

Ng'ambo ya mto kengele ikajibu.

Akatokea upande wa pili wa daraja, mrefu vile vile, kofia ile ile ya bluu. Lakini alikuwa anatembea, ameishika baiskeli kwa mikono miwili. Katikati ya daraja akasimama, akashika ukingo, akatazama mto kwa muda mrefu sana. Onega hajawahi kutazama mto. Mimi mwaka huu nimesimama kutazama maua mengi ambayo sikuwa na haja nayo, kwa hiyo nilijua anachotazama.

Tukashikana mikono. Tukaenda kukaa hotelini.

"Nilipata pancha," akasema hatimaye.

"Hata mimi," nikasema.

Ananiambia pancha, mimi muuza matairi. Tairi zake zilikuwa zimejaa pomoni, safi, hata zile nywele za mpira mpya bado zinaonekana. Naye alikuwa anaitazama fremu yangu, akatazama pembeni.

Mama Katusabe akaleta chai. Onega akafungua kifurushi chake cha majani. Hakukuwa na angara. Palikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na samaki mbichi aliyechemshwa, mweupe, hana hata rangi. Mimi nikafungua gurusa. Tukamega, tukatafuna. Niliona taya zake zinakwenda polepole, anatafuta kitu ndani ya gurusa na hakioni. Mimi nilikuwa natafuta kile kile ndani ya samaki.

Mama Katusabe akatua kibakuli cha chumvi katikati yetu. Onega akakisukuma kwangu. "Tia, Haji."

"Anza wewe, Afande. Ni samaki wako."

"Na ni mkate wako. Tia."

Nikakirudisha. Akakirudisha. Mama Katusabe, ambaye alikuwa amesimama na birika, akasema, "Wazee, mwaka huu nani mgonjwa kati yenu?"

Onega akaweka kiazi chini. "Tangu lini, Haji?"

"Kabla ya mfungo. Moyo. Wewe?"

"Tangu Krismasi. Pafu. Damu iliganda mguuni ikapanda juu. Na presha." Akagonga kiti cha baiskeli yake. "Nameza dawa ya kulainisha damu. Wameniambia nikianguka hata mara moja, itavuja ndani isisimame. Mimi sijaipanda hii kitu kabisa. Nimeisukuma kutoka hapo basi liliponishusha, ng'ambo hapo, kwenye ule mnara wa simu."

"Mita mia tatu," nikasema.

"Mia tatu. Na wewe?"

"Nane. Kilomita. Tatu nimekanyaga."

"Na hii KAFU," akasema akionyesha fremu yangu, "aliandika nani? Trafiki?"

Nikaitazama. Nimejipaka vumbi kila mahali, na chaki ya yule kijana inang'aa pale juu kama kibao cha duka. Tulicheka mpaka tukakohoa, na tulipokohoa tukaogopana.

Kisha nikamweleza habari ya kidonge. Nilidhani atacheka tena. Onega akaniangalia kwa jicho la polisi, jicho ambalo miaka yote sijawahi kuelekezewa mimi.

"Umeacha dawa siku mbili ili nikuone juu ya baiskeli," akasema. "Na ungefia pale barabarani? Mimi ningekaa hapa napiga kengele mpaka saa ngapi, Abdu?"

Hajawahi kuniita Abdu. Akaficha mdomo kwa kikombe. Nikamwambia kweli: niliogopa akijua hatakuja. Akasema hata yeye aliogopa hivyo hivyo, ndiyo maana aliileta baiskeli ya kusukuma.

Tulikaa mpaka giza likaingia, tukitaja barabara. Yeye anataja Karuma, nyani wanaokaa katikati ya njia, na ule mteremko mrefu wa kuingia Pakwach ambapo unaona Nile yote chini. Mimi nataja vilima vya Matugga. Kila mmoja alimwachia mwenzake amalize. Sijawahi kuitamani barabara kama nilivyoitamani nikiwa nimekaa kando yake.

Kurudi

Asubuhi tulimeza vidonge pamoja, nikamfundisha sentensi yangu ya kujipimia, naye akaitunga ya kwake, chafu kidogo, siwezi kuiandika hapa. Kisha tukapishana kwenye choo cha Mama Katusabe mpaka saa tatu.

Basi langu lilitangulia. Kabla halijafika tulivuka daraja, kwenda na kurudi, tunasukuma baiskeli zetu bega kwa bega, na katikati tulisimama wote wawili kutazama mto bila kuona haya. Basi likaja, kijana wake wa mizigo akashuka na chaki, akalowesha kidole afute KAFU.

"Hiyo acha," Onega akamwambia. "Kampala andika upande mwingine."

Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia afanye anavyoambiwa na afande.

Zena alihesabu vidonge kama nilivyojua. Alilia, akanifokea, akalia tena, na kwa siku tatu alinipa uji kwa kuutua mezani kwa kishindo. Sasa amepoa. Baiskeli iko ukumbini, nimemkataza kufuta fremu. Daktari amesema tutaona baada ya miezi mitatu, tambarare tu.

Na kuhusu simu mnayonisikia napokea dukani kila asubuhi, mnayodhani ni ya mama Mkongo, ni ya Onega. Hasalimii.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Sema sentensi nzima."

Nami, mbele ya wateja, na ninyi mnacheka kwenye benchi, naisema mpaka mwisho: Mimi Abdu Rehani, muuza spea, naenda Kafu kumwona Onega.